Mama Glikl Anarudi Sokoni

Leo sitaanza na mstari. Nitaanza na simu.

Baada ya maombi ya Jumatano, dada mmoja wa kanisa letu alinipigia. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje. Amekaa nyumbani miaka tisa akilea. Kitinda mimba ameanza shule, pesa ya nyumba haifiki mwisho wa mwezi, na kazi aliyoiacha kabla ya kuzaa imemwita tena. Alifurahi sana, mpaka mtu wa karibu, tena msomaji mzuri wa Biblia, alipomwambia kwamba mama mcha Mungu hatoki nje ya boma lake. Akaongeza, "Waangalie mama za Kiyahudi, watu wa agano. Wao walikaa nyumbani." Dada akaniuliza, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, "Pasta, ni kweli? Nikirudi kazini, nimemwacha Mungu?"

Sisi wachungaji tuna haraka ya kujibu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikajizuia, nikamwambia, "Mama, nipe siku tatu." Kwa sababu lile neno aliloambiwa halikuwa andiko, lilikuwa dai la historia. Mtu amesema mama za Kiyahudi waliishi hivi na hivi. Basi twende tukawaulize wenyewe. Na yuko mmoja aliyejibu kwa kalamu yake mwenyewe, zaidi ya miaka 300 iliyopita, mama wa watoto wengi, mcha Mungu kweli kweli, mtu wa sinagogi na wa Sabato. Anaitwa Glikl, binti ya Yuda Leib. Vitabu vingi humwita Glückel wa Hameln. Mimina chai, ukae nami. Ni ndefu kidogo.

Alizaliwa Hamburg, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, mnamo 1646 au 1647. Kabla hajatimiza miaka mitatu, wakuu wa mji waliwafukuza Wayahudi wa jamii yake. Walihamia Altona, mji wa jirani uliokuwa chini ya mfalme wa Denmark. Kutoka huko wanaume waliruhusiwa kuingia Hamburg mchana kufanya biashara, kwa kibali cha kulipia, na kurudi. Njiani walikuwa wakipigwa. Glikl alikumbuka jinsi wake zao walivyomshukuru Mungu kila mume alipoingia mlangoni akiwa mzima. Shika jambo hilo, maana kuna watu wanaosoma habari za kazi za wanawake wa zamani na kudhani nje kulikuwa na uhuru na nyumbani kulikuwa na kifungo. Kwa Wayahudi wa siku hizo, nje kulikuwa na fimbo.

Sasa angalia wanawake waliomtangulia katika ukoo wake. Bibi yake mzaa mama, Mattie, alifiwa na mume kwa tauni, na mali yao ikaporwa. Akafika Altona mjane, na binti wa kulea. Alianza upya kwa kukopesha watu vijipesa kwa rehani. Binti yake Beila, ambaye ndiye angekuja kuwa mama yake Glikl, akajifunza kufuma lesi kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Wafanyabiashara wa Hamburg walimwamini wakampa dhahabu yao aifanyie kazi, na alipoiva katika ufundi huo akawachukua wasichana wengine na kuwafundisha. Mikono ya msichana ndiyo iliyomlisha mama yake mjane. Kwa hiyo Glikl alipokuja kukua, habari ya mwanamke anayetafuta riziki haikuwa mpya wala ya aibu. Ilikuwa hadithi ya nyumbani, ya bibi na mama.

Utaniuliza, je, walimu wao wa dini walisemaje? Wayahudi wana mkusanyo wa sheria unaoitwa Mishna, uliokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Katika sehemu inayohusu mikataba ya ndoa, wametajwa wajibu saba wa mke: kusaga, kuoka, kufua, kupika, kunyonyesha, kutandika kitanda, na kufanya kazi ya sufu. Akiolewa na kuja na mjakazi mmoja, anapunguziwa kazi. Akija na wawili, anapunguziwa zaidi. Akija na wanne, anaweza kuketi kitini kama malkia. Lakini hapo anasimama mwalimu mmoja, Rabi Eliezeri, anasema hata aje na wajakazi mia, afanye kazi ya sufu, kwa sababu uvivu huleta uasherati. Nilicheka niliposoma. Huyo mzee alikuwa anaogopa kinyume kabisa cha kile ambacho ndugu yetu anaogopa! Yeye hofu yake ilikuwa mwanamke asiye na kazi.

Na Mithali 31 unaijua. Familia nyingi za Kiyahudi za kidini huiimba jioni ya Ijumaa, Sabato inapoingia, mume akimheshimu mkewe mbele ya watoto. Isome tena leo usiku polepole, kama mtu ambaye hajawahi kuisikia kwenye harusi. Yule mama analinunua shamba baada ya kulichunguza. Chakula chake kinatoka mbali kama mizigo ya merikebu. Mishipi anayoshona anawauzia wafanyabiashara. Sisi tumemwekea aproni na kumfungia jikoni, lakini mwandishi alimwonyesha akiwa na hesabu za biashara kichwani.

Turudi kwa Glikl. Alichumbiwa akiwa na miaka 12, akaolewa akiwa na miaka 14. (Siipendekezi, mpendwa, na sheria ya nchi yetu inakataza. Naeleza yaliyokuwa.) Mume alikuwa kijana aitwaye Chaim, wa mji wa Hameln. Walikaa mwaka mmoja kwa wazazi wa mume, kisha wakaja Hamburg kwa wazazi wa mke, na hapo mtoto wao wa kwanza, Zipporah, alizaliwa. Mama yake Glikl naye alijifungua binti wakati uleule. Mama na binti, wote wazazi, nyumba moja. Usiku mmoja Glikl akaamka akakuta kitanda cha mtoto ni kitupu, na kumbe vichanga vilikuwa vimechanganyika gizani. Yeye mwenyewe anatania kwamba ilibaki kidogo wamwite Mfalme Sulemani aje kuamua. Ninapenda sana kipande hicho. Mtu anayejua Biblia kiasi cha kuicheka pamoja na maisha yake ni mtu anayeishi ndani yake.

Chaim alianza kwa kuzunguka mji akinunua dhahabu kuukuu, nyumba kwa nyumba, na kuwauzia masonara. Baadaye walihamia lulu na vito. Alikuwa mtu wa maombi. Glikl anasema hakuacha vipindi vyake vya kusoma Torati hata biashara ilipombana. Naye Glikl alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani, ana mimba au ananyonyesha, maana alizaa watoto 14. Lakini humo humo nyumbani alikuwa mshauri wa kwanza na wa mwisho wa mumewe. Mkataba mmoja wa ushirika wa biashara aliuandika yeye, akiwa bado mwanamke kijana. Barua, hesabu, nani anadaiwa nini katika mji gani, alijua yote. Chaim ndiye aliyesafiri. Mke alibaki, lakini kichwa cha biashara kilikuwa na macho manne.

Niseme kidogo habari ya mapipa, kisha tuendelee. Mwaka 1665 na 1666 Wayahudi wa Ulaya yote walishtuka kwa habari kwamba Masihi ametokea Uturuki, mtu aitwaye Sabbatai Zevi. Watu waliuza nyumba na mashamba. Baba mkwe wa Glikl alituma Hamburg mapipa ya nguo za kitani na vyakula vikavu, njegere, maharage, nyama iliyokaushwa, tayari kwa safari ya kwenda Nchi Takatifu wakati wowote. Mapipa yakakaa zaidi ya mwaka. Mwezi wa Septemba 1666 yule "Masihi" akasilimu mbele ya Sultani, na waliouza wakabaki wameuza. Glikl anaeleza habari hii kwa huzuni, bila dharau; anafananisha matumaini yao na mwanamke aliyepata uchungu wa kuzaa na mwishowe asipate mtoto. Wale waliokuwa wameacha kazi zao kwa ajili ya tarehe ya nabii walilazimika kuzirudia kimya kimya. Nitaishia hapo. Mwenye masikio anajua ninachokisema, tumeona tarehe za manabii hata siku zetu.

Sasa tunafika pale ambapo nilitaka dada yangu afike.

Januari 1689. Chaim anatoka jioni kwenda mjini kuonana na mfanyabiashara. Anajikwaa, anaanguka juu ya jiwe lenye ncha, na kitu kinapasuka ndani ya tumbo. Hataki watu wajue. Madaktari wanakuja, wanashindwa. Glikl yuko kando ya kitanda, na yuko katika siku zake. Wewe msomaji wa Mambo ya Walawi 15 unajua maana yake. Kwa sheria yao mume na mke hawagusani siku hizo mpaka mwanamke aingie katika maji ya utakaso. Anamwuliza mumewe kama amkumbatie, ijapokuwa yuko katika hali hiyo. Naye Chaim, mtu anayekufa, anamwambia hapana, haitachukua muda utakuwa umeshajitakasa. Alikufa kabla ya siku hiyo kufika. Waliishi pamoja karibu miaka 30, na hakumkumbatia kwa mara ya mwisho.

Nilisoma ukurasa huo nikafunga kitabu kwa muda. Unaweza kubishana nao kuhusu sheria. Mimi kama mhubiri wa neema ningekuwa na la kusema. Lakini usiniambie hao hawakuwa watu wa dini.

Na ni kitandani hapo hapo palitokea jambo la pili. Wazee waliuliza, kama ilivyo desturi, Chaim anaacha maagizo gani, na nani awe msimamizi wa watoto na mali. Jibu lake Glikl amelihifadhi. Kwa maneno yangu ni hivi: hana agizo la kuacha, mke wake anajua kila kitu, afanye kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Soma tena, ndugu yangu mwanamume unayefuata ukurasa huu. Hakumkabidhi kwa kaka yake. Hakumkabidhi kwa mzee wa sinagogi. Mtu aliyekataa kuvunja sheria hata kwa kumbatio la mwisho, ndiye huyo huyo aliyemwachia mkewe funguo zote. Kwake mambo hayo mawili hayakugombana.

Glikl alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Watoto wanane walikuwa bado nyumbani, hawajaoa wala kuolewa. Alipofunga hesabu alikuta deni la thaler 20,000, pesa nyingi mno. Alikuwa akijua, hakushtuka. Akaita mnada, akauza, akawalipa waliokuwa wakidai, akatuliza jina la marehemu. Kisha akatoka.

Ndiyo, alitoka. Mama wa Kiyahudi, amejifunika kichwa kama mjane wa heshima, akapanda gari la farasi kwenda kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Braunschweig, mara mbili kwa mwaka, majira ya joto na majira ya baridi, katika vumbi na katika theluji. Kwa mtu wa dini yake safari hizo zilikuwa na hesabu ya ziada. Ijumaa jua likizama ni lazima uwe umeshafika mahali, maana Sabato haisafiriwi wala haifanyiwi biashara. Huwezi kula chochote unachokuta kwenye nyumba ya wageni. Barabara zina wanyang'anyi. Akirudi Hamburg anasimama dukani siku nzima, akiuza bidhaa za Uholanzi na za hapo mjini. Ananunua lulu kutoka kwa Wayahudi wenzake, anazichambua kwa ukubwa, anazipeleka kwa wanaozihitaji. Alikuwa pia na karakana ya kufuma soksi. Jina lake likawa na uzito kiasi kwamba katika Bursa ya Hamburg, mahali walipokutana wafanyabiashara wakubwa, angeweza kupata mkopo wa thaler 20,000 kwa neno lake. Ni kiasi kile kile cha deni alilorithi.

Hakuwa peke yake. Huko Berlin Esther Liebmann, ambaye mumewe aliwahi kufanya ushirika wa biashara na Chaim, alibaki mjane mwaka 1702 na akaendelea kuwa sonara wa mfalme wa Prussia. Na katika vijiji vya Kiyahudi vya Poland na Urusi, karne zilizofuata, ilikuwa kawaida mama kukaa kibandani sokoni akiuza ili baba akae na vitabu vya Talmudi. Hata leo Israeli, katika jamii za Kiyahudi zenye msimamo mkali kuliko zote, wale wanaume wa kofia nyeusi, wanawake walioajiriwa ni wengi kwa kiwango kuliko wanaume wao. Naeleza tu, sisemi tuige. Mume kuketi na kitabu wakati mke anabeba nyumba yote lina maswali yake, tutaliongea siku nyingine, na najua nitapokea simu.

Lakini dada yangu, sitaki kukuuzia picha ya kupendeza. Ukiniuliza Glikl alifurahia kutoka, nitakujibu hapana, si kila mara. Usiku hakulala. Kitabu chake chenyewe kilizaliwa humo. Mwaka 1691, miaka miwili baada ya kifo cha Chaim, alianza kuandika kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ujerumani, ili kupambana na majonzi ya usiku. Aliwaandikia watoto wake wajue wametoka kwa watu gani. Anasema wazi kwamba hakusudii kuandika kitabu cha mafundisho. Wenye hekima wameshaviandika. Halafu anajaza ukurasa baada ya ukurasa maombi na kilio na shukrani. Mchana hesabu, usiku machozi. Wapo akina mama wanaosoma hapa ambao hawahitaji nieleze zaidi.

Kazi pia haikumwokoa na maumivu ya watoto. Mwanawe Leib alifungua biashara Berlin, kijana mwenye moyo mwepesi, akakopesha kila aliyemwomba, akaanguka vibaya. Mama akapoteza pesa nyingi kumtoa humo, akamrudisha Hamburg afanye kazi chini ya jicho lake. Leib akafa angali kijana. Wako watu ambao wangesema, unaona, mama alikuwa barabarani. Nawajibu, Leib alikulia katika nyumba yenye baba na mama wote wawili, na aliharibikiwa akiwa mtu mzima mwenye mke. Na wale wengine? Zipporah, yule wa kitandani gizani, aliolewa na familia tajiri ya Cleves katika harusi iliyohudhuriwa na mwana wa mtawala wa Brandenburg, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa mfalme wa kwanza wa Prussia. Mwingine, Moses, akawa rabi. Watoto 12 wa Glikl walifikia ndoa. Kwa utaratibu wa jamii yao wazazi walimpa binti mali ya kwenda nayo, kwa hiyo kila harusi aliyoifanya akiwa mjane ilitoka katika zile lulu, zile soksi, zile safari za theluji. Mtu asitenganishe malezi yake na soko lake. Soko lilikuwa ndiyo malezi.

Mwanzoni kabisa mwa kitabu ameweka hadithi ya ndege. Baba ndege anavusha makinda yake matatu baharini, moja moja, wakati wa dhoruba. Katikati ya maji anamwuliza wa kwanza kama naye atambeba akizeeka. Kinda linaapa kwamba litambeba. Baba analiita jiongo, analitupa majini. La pili vivyo hivyo. La tatu linasema, baba, hilo siwezi kuahidi, ila naahidi kuwafanyia watoto wangu kama unavyonifanyia mimi. Hilo analifikisha ng'ambo. Ni hadithi kali, na mimi si shabiki wa huyo ndege. Lakini angalia nani anayeisimulia: mjane ambaye hofu yake kubwa ilikuwa kuja kuwa mzigo kwa watoto wake.

Na hofu hiyo ndiyo iliyomponza.

Miaka ilipokwenda alichoka. Hasara ziliongezeka, nguvu zilipungua. Aliogopa kwamba siku moja atafilisika, na aibu ifike hadi kwa mume mcha Mungu aliyelala kaburini. Alikuwa amekataa wachumba wengi. Sasa ikaja posa kutoka Metz, mji uliokuwa chini ya Ufaransa: Hirsch Levy, mfiwa, tajiri wa mambo ya fedha, jina kubwa. Kila mtu alisema huko ndiko kupumzika. Akafunga biashara yake, akaondoka Hamburg na binti yake mdogo, na mwaka 1700 akaolewa. Nyumba ilikuwa kubwa, wafanyakazi wengi, vyombo vya dhahabu na fedha.

Mwaka 1702 Hirsch Levy akafilisika. Mali ya Glikl ikazama pamoja na yake.

Nataka uone alichoandika baadaye kuhusu hatua hiyo, kwa sababu watu wengi wangetarajia mama wa dini atubu kwamba alikwenda sokoni. Hakutubia soko hata mara moja. Alichojilaumu ni kwamba alitafuta usalama kwa mtu tajiri; anasema ingekuwa bora angeacha yote akaenda Nchi Takatifu kumtumikia Mungu huko. Miaka yake ya shida barabarani aliihesabu kuwa wajibu wake mbele za Mungu. Miaka yake ya kochi na vyombo vya fedha ndiyo aliyoiita makosa.

Hili nilimwambia dada juzi, na tukanyamaza wote wawili kwenye simu. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa Pasta, alipozeeka nani alimtunza?"

Hirsch Levy alikufa 1712. Glikl akabaki mjane mara ya pili, hana kitu. Alikataa kwenda kwa watoto. Aliishi katika chumba kimoja cha kupanga, kisicho na jiko, cha kupandia ngazi 22, na alikuwa mgonjwa. Binti yake Esther, aliyekuwa ameolewa hapo Metz, pamoja na mumewe walimsihi aje. Akakataa. Wakamsihi tena. Mwaka 1715 akakubali, akiwa na karibu miaka 70. Na anaandika habari za nyumba hiyo kama mtu anayeshangaa. Walimpa heshima kuliko alivyotazamia. Akichelewa kutoka sinagogi saa ya chakula cha mchana, anakuta wamemwekea chake, vile vilivyo vitamu. Kinda lile la tatu halikuahidi kitu, lakini angalia.

Glikl alifariki mwezi wa Septemba 1724. Maandishi yake yalinakiliwa na mwanawe Moses, yule rabi, na yakatunzwa katika ukoo. Yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1896. Mwaka 1910 mjukuu wa ukoo huo, Bertha Pappenheim, mwanamke aliyeanzisha shirika la wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, alitoa tafsiri ya Kijerumani. Alikuwa amewahi hata kuvaa mavazi ya kale na kuchorwa picha kama Glikl. Ndiyo maana wewe nami tunaweza kuzungumza habari zake leo.

Dada anaanza kazi Jumatatu. Tutamwombea Jumapili pamoja na wengine wote wanaoanza kazi mpya mwezi huu, waje mbele bila woga. Mume wake amesema atakuwa akiwachukua watoto shuleni siku ambazo zamu yake inamruhusu. Siku nyingine hatuna jibu bado. Mama yeyote anayeishi upande ule na yuko nyumbani saa tisa alasiri, tafadhali niandikie kando.

Jambo moja la mwisho. Nilifungua ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu cha Glikl nikitazamia baraka kwa watoto, au wosia. Haiko hivyo. Ni habari ndogo ya mwaka 1719. Usiku, yapata saa nne, mwanamke mmoja wa Metz alikuwa bado hajamaliza kazi. Alikuwa amepiga magoti kando ya mto Moselle, anaosha vyombo. Ghafla kukawa na mwanga kama mchana. Akainua macho akaona mbingu zimefunguka na cheche zinaruka, kisha zikafungika tena kama mtu aliyevuta pazia. Glikl anamwomba Mungu jambo hilo liwe la heri, na hapo anaweka kalamu chini.